Mama, Unielezee Sura ya Eliya

Juru, Nakivale

Mama wangu mupendwa,

Nakusalimia kwa upendo mingi, nikitumaini magoti hayakusumbui sana wakati huu wa kulima. Mvua imefika huko kwetu? Hapa ilichelewa. Maharagi yetu yametoka mafupi, lakini tutakula. Dada Furaha, wewe unayemusomea mama barua hii, uisome ukiwa umekaa karibu naye.

Mama, kazi yangu ya kuchora sura za batu inaendelea. Nachorea hapa Juru, ndani ya kambi yetu ya bakimbizi, pembeni ya kibanda cha kinyozi, na batu bananiletea foto za baba zabo. Mwezi uliopita mama mumoja wa Mbarara aliniita kwake Makenke, kambi ya baaskari. Bwana yake alikuwa askari, naye alifariki. Alinipa foto ndogo ya kitambulisho, nimuchore picha kubwa ya kutundika ukutani.

Nilichora siku mbili. Kofia, kola, vifungo, vyote vilitoka vizuri, kwa sababu mavazi ya uaskari nami niliyavaa zamani. Yule mama aliiangalia, akasema, "Fundi, hii ni askari. Hii sura alikuwa anaacha kwa kazi. Mimi nataka bwana yangu ya nyumbani."

Nikamwambia huyo wa nyumbani sikumwona hata siku moja. Basi akaketi, akaanza kunieleza: namna alivyoinamisha kichwa akisikiliza batoto, namna mudomo wake ulivyovutika upande akitaka kucheka. Yeye anasema, mimi nachora, nafuta, nachora tena. Nilipomaliza alijipangusa mikono kwa kitenge, akaita binti zake baje kuona baba yabo.

Nilirudi Nakivale na moyo muzito. Furaha, acha kusoma kidogo hapa, umushike mama mukono.

Mama, nilikudanganya kwa telefone. Nilisema mudogo wangu Eliya alifika nami Uganda, kisha akavuka mupaka wa Kikagate kwenda kuchuuza Tanzania. Hakufika hapa. Eliya alikufa kwa vita, tulipokuwa naye porini na bunduki. Mukubwa wetu wa kikosi alipojua naweza kuchora, alinitoa kwa mustari wa bapiganaji, akanikalisha nichore sura yake kwenye ukuta wa shule moja iliyoachwa. Asubuhi kikundi chake kilipoondoka kwenda kupigana, Eliya alipita nyuma yangu, akachungulia, akaniambia kwa sauti ndogo, "Kaka, pua umemupunguzia."

Tulicheka. Mimi nikabaki na rangi, yeye akaenda. Jioni balimuleta. Nilimuzika mwenyewe, fasi moja karibu na muto, na nilimuombea vile ulitufundisha.

Miaka yote hii nilinyamaza kwa sababu kila ulipouliza habari zake, sauti yako ilichangamka. Sikuweza kuizima. Sikuombi unisamehe leo.

Sasa nataka kumuchora, nami nashindwa. Kila nikianza, unatoka ule uso wa jioni ile. Ule wa nyumbani umenikimbia, mama. Wewe ndiye uliye nao. Alipotoka shambani na njaa, alikutazama namna gani? Akikudanganya, jicho gani alitangulia kufumba? Ulie kwanza, usiharakishe. Kisha umwambie Furaha aandike, hata kama ni neno moja kwa siku.

Unisalimie shangazi Nabintu aliyetunyoa nywele tukiwa badogo, na mujomba Yakobo mwalimu wa kwaya. Habari hii uwaambie wewe mwenyewe. Ukishindwa, Furaha awaambie. Bibi yangu Esta, mukwe wako, anakupigia magoti, na mujukuu wako ameanza kutembea. Laiti ungemwona.

Kitambaa cha kumuchorea nimekwisha kukinyoosha kwenye mbao. Hakuna alama yoyote juu yake. Nakungoja.

Mutoto wako,
Zabuloni