Historia ya Elirehema

Faudhia, nimepigwa kofi msibani Tengeru. Mbele ya mchungaji na jeneza. Mdomo unavuja damu hapa ninavyoandika.

Si unajua Elirehema, yule fundi viatu, aliuawa kwa virungu vya mgambo siku ya kubomoa vibanda. Familia ikaniomba niandike na kusoma historia ya marehemu, eti mimi ndiye mwandishi. Nikasoma shairi langu badala yake. Damu, virungu, haki. Nikalia, watu wakalia.

Mama yake akanisogelea, nikajua anakuja kunikumbatia. Akanizaba kofi, akaichana karatasi.

Kofi, Faudhia. Mama aliyefiwa.

Akasema, "Kurasa mbili za virungu. Mwanangu alizaliwa lini? Alibatizwa wapi? Jina lake liko wapi?"

Nimeokota vipande vyote nikaviunga. Nimesoma mara tatu. Jina halimo.