Mama Ngoyi, infirmière mwenye aliponyesha mukwe wake

Ni mwaka moya sasa, bibi yangu Ngoyi, tangu ulilala na haukuamuka tena. Mi bwana yako sikusoma mingi, unajua, nitasema tu vile inakuja.

Miaka makumi tatu ulitunza bagonjwa hapa Kolwezi. Kila asubui unapangusa viatu yako nyeupe, chai inapoa, mi njo nainywa. Ukirudi unauliza nani alikunywa. Nyumba ilikuwa na batu mbili tu.

Lakini leo batu basikie ile siku ya Mechack, bwana ya mutoto wetu Domitille. Alikuja kutusalimia, akaanguka na kifafa mu kiwanja yetu. Dakika tano, dakika kumi, hakuacha kutetemeka. Jirani Nasoro alileta kijiko ya kuingiza mu meno, ukamunyanganya. Ulikuwa na diazepam, dawa ya kutuliza kifafa, mu sakoshi yako ya kazi. Ulitafuta mushipa, mukono inaruka tu. Basi ukatoa sindano ku seringe, ile bomba ya dawa, ukasema dawa itapitia nyuma, ku matako.

Kwetu mama mukwe hakuli hata bukari, ule ugali wetu, mbele ya mukwe, sasa amuvue suruali? Mi mwenyewe, na haya ninasema, nilikukamata mukono.

"Tata Mukendi," uliniambia, "akikufa, ile heshima nitamupa wapi? Mugeuze upande, mushike magoti."

Nilishika. Ulisukuma dawa, ukabana matako yake na mikono ili isitoke. Tukangoya. Kisha miguu ikalegea, pole pole, na ukabakia pale unahesabu pumzi, juu ile dawa, ulisema, ikizidi inalegeza hata pumzi.

Mechack alifungua macho, akaona mama mukwe karibu vile, akataka kukimbia bila suruali. Nasoro alicheka mpaka akakala chini. Na we pia ulicheka, machozi inatoka.

Bazee balisema ulivunja desturi, utoe mbuzi. Ulitoa, ukaikula nabo, ukasema haujakula nyama tamu sawa ile.

Siku ya kukuzika balimwambia Mechack asimame mbali, vile mukwe anasimama. Alikataa. Alibeba sanduku upande ya mbele, kichwa juu, na bazee balimufuata nyuma.

Tunakukumbuka: mi bwana yako Mukendi, mutoto wako Domitille, jirani Nasoro na bibi yake Asia, mukwe wako Mechack, mwenye angali anatembea, na Glodie, mujukuu wako, mwenye alizaliwa miaka mbili kisha ile siku ya kifafa.

Hatutakusahau hata siku moya, mama.