Baba Numbi, mtoto wetu amepewa farasi mrefu

Mpendwa Baba Numbi,

Ninakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako cha mlangoni, kile ulichokikata miguu ili kiuno chako kisiumie ukikaa. Utacheka maandishi yangu. Ulikuwa unaniambia, "Mama Numbi, weye unaandikaka sawa unatwanga," kwa sababu ninagandamiza kalamu mpaka inatoboa karatasi. Masomo yangu unayajua, niliishia ya tatu. Lakini Biblia ninasoma, na jina lako ninaliandika bila kuuliza mtu. Inanitosha.

Siandiki kwa raha. Numbi amepewa farasi mrefu.

Ni yule mwekundu aliyeletwa na chef mpya wa wachungaji. Shingo iko juu, macho yanazunguka, ngozi inaruka kila nzi anapoigusa. Chef alisimama mbele ya wanaume wote akasema: "Mutoto ya mwenye alikuwa anapandaka Ministre hawezi kupanda meza!" Bado wanamkumbuka Ministre, farasi wako, na kwao farasi mfupi angali meza. Wakapiga makofi. Na mtoto wako, mwanamke wa kwanza kuchunga ng'ombe juu ya farasi katika shamba hili, alirudi nyumbani anaimba. Kesho asubuhi wanahamisha ng'ombe kuelekea malisho ya upande wa Bukama, wanapita ule uwanda wa mashimo ambayo muhanga anachimba usiku akitafuta mchwa. Unayajua mashimo yale. Kiuno chako kiliyajua kabla ya mtu mwingine.

Nakumbuka siku uliyonileta hapa. Mimi mtoto wa kampi ya reli, pale Kamina. Baba yangu akisikia treni ikiwa bado mbali na gare, alisema ni mashini gani na nani anaiendesha, na hakukosea. Sikio lile njo urithi alioniachia. Lakini farasi nilikuwa nimewaona kwenye picha za kanisa tu, wanavuta gari la moto la Eliya. Nilishika mkono wako nikauliza kama wanauma. Ukajibu bila kucheka: "Banauma bantu ya shemeni defer tu." Mtu wa reli nilikuwa mimi; nilikaa ndani hadi siku ya pili.

Ulikuwa kijana wa kumpanda Ministre wakati ule. Farasi gani yule! Mwembamba, mrefu, anatembea kama anayekwenda kupokea mshahara. Ukipita naye barabarani, hata wanawake waliotoka sokoni walitua mabeseni kutazama. Na mimi, usiseme sikujivuna.

Kisha akaja Bukari, farasi jike. Wakamshusha kwenye lori, na wapanda farasi wote wakaanza kucheka kabla hajagusa chini. Mfupi, miguu minene yenye manyoya mpaka kwenye kwato, shingo fupi, tumbo kama ngoma ya kanisa. Mmoja akasema, "Ile haiko farasi, ile iko meza!" Weye ukapaza sauti kuliko wote: "Muangalie nyuma yake! Sawa bukari mama ameisha kugeuza pa sahani!" Bukari, ugali wetu: jina likashika siku hiyohiyo. Ni weye uliyempa.

Walimwita mvivu kwa sababu anatembea ameinamisha kichwa. "Anaangaliaka chini sawa mwizi," mlisema. Na mkamfunga sele ya Ministre, kile kiti cha ngozi, kwa maana sele zote za shamba zilitengenezwa kwa migongo ya warefu. Ikambana mabegani. Akasimama, akakataa kwenda. Mkasema kichwa kigumu, mkampiga. Mimi nilikuwa nimemletea maganda ya mahindi jioni, nikaona vidonda viwili, kila bega na chake. Sikujua kitu juu ya farasi. Nilijua ngata tu, ile nguo tunayoviringa kichwani tukibeba ndoo. Ngata ikikaa vibaya, hata ndoo ndogo inakuvunja shingo. Basi nilichukua mifuko ya unga na blanketi lililochakaa, nikashona kama mito miwili iliyoshikana, katikati nikaacha nafasi ili uti wa mgongo upumue.

Ulivyokasirika! "Miye niikale pa mufuko sawa mihogo? Bantu banione?" Ukautundika kwenye msumari jikoni. Ukakaa pale.

Halafu ile siku ya shimo. Nilikuwa ninachagua maharagwe nikasikia Ministre anarudi. Hatua zilikuwa nyepesi mno. Sikio la baba yangu liliniambia kabla ya macho: hakuna mtu juu. Nikamwaga maharagwe, nikakimbia. Ministre alikuwa amekutupa kwenye shimo la muhanga. Wenzako walitaka kukuchukua na farasi wengine, lakini hakuna aliyekubali kusimama kimya abebe mtu aliyelala. Mmoja akasema, kwa sauti ndogo, "Tutwae meza." Niliwapa ule mfuko wangu.

Bukari alikuleta. Kichwa chini, anatafuta mahali pa kuweka kila mguu, anazunguka mashimo kama mwanamke anayepita sokoni na mtoto mgongoni. Ulikuwa mweupe midomoni, meno umeyafunga, na bado ukanitania: "Mama Numbi, leo meza imebeba chakula." Nilikupiga begani nikilia.

Baada ya hapo watu waliamini kwamba ulipewa Bukari kwa nguvu. "Balinipa meza sababu ya kiuno," uliwaambia, na ukamtukana kila asubuhi mbele yao. Mimi peke yangu nilijua kwamba ulikwenda kwa chef wa zamani, kofia mkononi, ukamwomba. Na mimi peke yangu nilikusikia. Nilikwenda nyuma ya kibanda cha farasi kuchukua maji, wenzako wameondoka, na weye umeweka paji lako kwenye shingo yake nene, unasema Kiluba cha mama yako: "Wafwako, mama. Wafwako." Asante, mama, asante. Hata kwangu hukuwahi kusema hivyo kwa sauti ile. Ukaniona. "Usiambie mutu," ulisema. "Batanicheka mpaka ng'ombe bajue." Nikaahidi.

Lakini Baba Numbi, hukuwa peke yako. Yule aliyemwita meza mara ya kwanza, mke wake aliposhikwa na uchungu wakati barabara imekatwa na mvua, alikuja mlangoni kwetu anaomba Bukari. Alimwongoza mwenyewe kwa kamba mpaka sentre ya afya, njia yote anamwambia, "Polepole, muzuri wangu, polepole." Mtoto alipozaliwa, kesho yake tulisikia tena: meza, meza. Nyinyi wanaume mnafichaje mapenzi namna hii, kama mtu aliyeiba?

Hili hukuliona. Presha ilikuchukua, na Bukari akakufuata kabla mvua hazijaisha. Watu wa kijiji walikuja na visu kwa ajili ya nyama. Wapanda farasi walisimama wakawafukuza, wakachimba shimo wenyewe. Mmoja akasema, "Nani anakula meza?" na hakuna aliyecheka.

Mfuko wangu ukarudi msumarini. Amebaki binti yake, Sombe. Numbi njo alimpa jina akiwa mdogo, eti bukari bila mboga ya sombe haishuki kooni. Alikuwa anapita chini ya tumbo lake akicheza. Sasa amekua, ana aibu naye. Ni Sombe anayempanda kila siku, na kila siku wanamuuliza kama amepanda meza. Sele ya Ministre iko chumbani mwake, anaipaka mafuta kila Jumapili baada ya misa. Baba anayemjua yeye ni yule wa Ministre. Ni yule aliyekuwa anasema mbele ya watu kwamba farasi mnene ni aibu ya shamba. Mtoto alisikia, akaamini. Leo akifikiri kukuheshimu, anafikiri ni kupanda mrefu.

Ninafanya nini? Nikinyamaza, kesho anaingia kwenye ule uwanda juu ya farasi anayetazama mawingu. Nikisema, ninavunja ahadi yako. Nimekaa kwenye kiti chako nikingoja unijibu, na unajua haujibu.

Nitamwambia. Unisamehe ukiweza.

Niliacha kuandika hapo jana. Sasa ni asubuhi, wameondoka. Nikueleze yote.

Nilimwambia jikoni, anasonga bukari. Nikasema tu: "Numbi, baba yako hakupewa Bukari. Alimuomba."

"Mama, unatunga."

"Alimuomba mwenyewe. Kofia mukononi."

Mwiko ukasimama. "Papa? Papa ya Ministre?"

Nikamweleza juu ya chef wa zamani, juu ya maneno ya nyuma ya kibanda, lile wafwako. Nilifikiri atalainika. Alipandisha hasira. "Alikuwa ananicheka na bale bengine! Nikiwa mutoto nililia juu balimucheka Sombe, na yeye alicheka! Juu ya nini alinificha?"

"Aliogopa kuchekwa, mwanangu."

"Mutu mukubwa vile?"

"Vilevile."

"Na weye? Umekaa na ile maneno miaka yote, unaniona napaka mafuta sele ya Ministre sawa mujinga?"

Jibu lilikuwa lako, na weye haupo. Aliacha bukari kwenye sufuria ikaungua chini, akaingia chumbani. Nilikukasirikia. Niseme wazi, nilikukasirikia sana. Uliniachia kazi ambayo ungeimaliza weye kwa neno moja, ukiwa umekaa hapa na mguu umeunyoosha.

Asubuhi niliamka, msumari wa jikoni ulikuwa mtupu. Ule mfuko wangu haupo. Sikutoka nje. Niliogopa kutazama, nikakaa nyuma ya mlango kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali. Nikasikia sauti ya chef: "Numbi! Farasi yako iko tayari, inakungoja!" Nikasikia yule mrefu anachezacheza, kwato zinagonga haraka haraka, hatulii mahali pamoja.

Kisha nikasikia nyingine. Nzito, bila haraka, kama wanawake wawili wanatwanga kwa zamu kwenye kinu kimoja. Nikajua ni Sombe.

Wanaume wakaanza. "Eeh! Mutoto ya Ministre na meza!"

"Numbi, umekosea njia ya jikoni?"

Na mtoto wako akajibu, sauti yako kabisa: "Eeh, njo meza! Na nyinyi, mutakula wapi?"

Walicheka sana. Hata yule aliyeanza kumwita Bukari meza alicheka, lakini cheko lake lilikatika mapema. Chef hakucheka. Akasema, "Basi, ule murefu atapata mwenyewe."

Na amempata. Hapo njo moyo wangu haujatulia mpaka sasa. Wamempandisha kijana wa mwisho wa Mama Kalenga, yule jirani yetu, kijana aliyeoa juzi. Mama yake alikuwa pale anapiga makofi kama mimi nilivyokuwa ninajivuna zamani nikikutazama. Nilitoka mbio, nikamwambia chef yule farasi hatazami chini, apandwe wakishavuka uwanda. Chef akasema, "Mama, ingia ndani, jua ni kali." Mama Kalenga akanitazama kama ninamwonea wivu mtoto wake. Ningefanya nini tena?

Numbi alipita mbele ya mlango wetu. Hakushuka. Hakuniaga. Lakini nilimwona anainama juu ya shingo ya Sombe, mdomo karibu na sikio, na lile neno lako la Kiluba likatoka, dogo, halikuwa la watu kusikia. Kisha akanyoosha mgongo akaenda na wenzake. Labda atasema na mimi akirudi. Labda hasira itamkalia muda. Mtoto wa nani? Utakuwa unacheka huko.

Sasa nimerudi kwenye kiti chako na maharagwe mapajani. Sichagui kitu. Ninasikiliza njia. Hatua nzito zikirudi, nitajua ni za mtoto wetu, nitaweka maji motoni. Lakini sikio hili la reli halichagui. Nikisikia nyepesi zinakuja bila mtu juu, ninajua tayari mlango wa nani nitakimbilia, na sitamwambia Mama Kalenga kwamba nilisema.

Sikiliza na weye, baba. Mimi peke yangu sitoshi.

Mke wako aliyekushonea mfuko,
Mama Numbi