Kwa Njeru, Aliyeambiwa Akae

Njeru, ndugu yangu,

Wanasema nikuache upumzike. Upumzike nini tena? Kupumzika ndiko kulikokumaliza.

Tangu tukuzike, handaki la kuzunguka kijiji limekwisha. Tumelichimba sisi wanawake, na chini tumesimamisha miti iliyochongwa. Mama akishaivisha chakula anazima moto palepale, hata kukiwa na baridi.

Unakumbuka kabla Wazungu hawajatangaza Hali ya Hatari? Wewe mbio asubuhi njia ya Kianjokoma, mimi nyuma, nguo nimeikusanya mkononi, nakutukana. Mama alinituma nikufuate kwa sababu ya kifafa chako. Kila mtu alisema mbio zitakiamsha. Wapi! Miezi ile ulianguka mara chache, ukalala vizuri, ukawa na utani. Ulipoanguka nilikugeuza ubavu, nikakuwekea leso chini ya kichwa, nikangoja. Basi. Wapita njia waliziba pua, ati upepo wako utawaambukiza.

Kisha tukahamishiwa hapa, na mtu anayekimbia akadhaniwa mpiganaji wa msituni, akawa mtu wa kupigwa risasi. Ukakaa. Ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Chifu akakuonea huruma: "Huyu asichimbe. Akae ndani." Tulimshukuru, Njeru! Mama alimshukuru kwa mikono miwili. Tukaenda kuchimba sote, tukakuacha peke yako na moto. Ukaanguka motoni, na waliokukuta ukiungua walisita kukugusa. Hilo silisamehe, Mungu anisikie.

Sasa Muthoni, binti yangu, ameanza kuanguka. Mama amemkalisha kwenye kigoda, hataki hata afagie. Juzi nilimwambia: Mama, Njeru hakufa akikimbia, alikufa amekaa. Tulilia sote wawili mpaka Muthoni akaogopa.

Siku hizi kafyu ikiisha natembea naye kwa haraka, mbali na handaki, mpaka atoke jasho. Askari hutufokea, "Polepole nyinyi!" Tunapunguza, akigeuka tunaongeza. Rangi imemrudi usoni. Jirani yetu nimemfundisha kumgeuza ubavu. Mara ya kwanza alisita, lakini alimshika.

Kwaheri, mwana wa mama. Muthoni ataanguka tena, najua, sijidanganyi. Ninachokuahidi ni hiki: hataanguka mahali pasipo na mtu wa kumgusa.

Dada yako,
Wanja