Msamaha wa Bibi Haumo

Gladys, nimeharibu. Usipige, nimejificha jikoni kwa Bibi hapa Masama na ukoo wote uko sebuleni. Soma tu.

Si unajua baba mdogo Sirili alituma jani la isale kumwomba Bibi msamaha? Miaka minane hajakanyaga hapa. Leo Bibi amelipokea. Kaongea dakika ishirini, analia, na sisi tunalia. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kurekodi, ili baba mdogo asikie kwa masikio yake.

Katikati ukaandika, "Umefika?" Nikatoka kwenye app ya kurekodi nikakujibu, "Ndiyo." Neno moja tu, Gladys.

App ikajifia huko nyuma. Hii simu ukifungua kitu cha pili inaua cha kwanza, kimya kimya. Na ni wewe uliyesema nisinunue ya bei, eti nani anahitaji simu ya kufanya kazi mbili kwa pamoja.

Nimewasikilizisha watu wote. Bibi anasema, "Sirili, ulichonifanyia sitakisahau mpaka nakufa." Basi. Imeishia hapo. Lile "lakini" lililofuata halimo.

Na nilishamtumia baba mdogo kabla sijaisikiliza. Tiki zimeshakuwa za bluu. Nampigia, hapatikani.

Nimepiga magoti nikamwomba Bibi arudie. Kaniangalia, jani bado liko mkononi mwake.

"Nilishasema, mjukuu wangu. Maneno yangu umeyapeleka wapi?"