Meza Inayonata

Jumatatu, 4 Machi

Meza imekwisha. Ameimaliza yeye, si mimi.

Baba aliizunguka mara mbili akipapasa ukingo kwa kiganja. Siku hizi macho yake yanaona ukungu mtupu, kwa hiyo anaona kwa vidole. Randa zote za karakana zilisimama. Kisha akasema: "Mama, mikono hii umeitoa wapi?"

Mama! Ni mimi anayeniita hivyo tangu sijaota meno. Leo jina hilo kampa Binamu, wala hakugeuka kuangalia nimesimama wapi.

Binamu ni binti wa shangazi. Aliletwa hapa kujifunza useremala wiki ileile niliyoondoka kwenda chuo. Miaka minne mimi nimesoma kemia. Miaka hiyohiyo yeye amemsoma baba yangu. Kitanda changu hakikupata hata kupoa. Niliporudi, aproni yangu ilikuwa imeshachukua umbo lake.

Baba akatuita sote wawili. Jumatano ya wiki ijayo anakwenda kutolewa mtoto wa jicho. Mmoja wetu atashika funguo za karakana. Wiki sita tu, anasema. Lakini hapa hakuna mjinga. Funguo za mzee zikishatoka mfukoni, zimetoka.

Kazi yangu ni rangi. Meza ni ya maktaba ya shule, mwalimu mkuu anakuja kuichukua Jumanne ya wiki hiyo ijayo. "Yeye kaunda, wewe paka," baba alisema, "halafu nitaona." Nitaona! Mwenyewe akacheka.

Mimi sikucheka.

Jumanne, 5 Machi

Nimepaka.

Lazima niandike jinsi ilivyokuwa, maana sitamwambia mtu.

Rangi ya mbao si kama rangi ya ukuta. Unapaka, unasubiri dakika kumi, unafuta yote kwa kitambaa kikavu. Inayobaki ndani ya mbao ndiyo rangi. Inayobaki juu ni uchafu. Nilifundishwa hivyo nikiwa na miaka saba, nimesimama juu ya kreti la soda ili nifike.

Basi nikapaka. Mbao ikainywa. Na ndipo nikaiona kazi ya Binamu vizuri. Katikati ya meza amepanga mbao mbili zilizopasuliwa kutoka gogo moja, akazifungua kama kitabu. Mistari ya kushoto inaitazama ya kulia. Ilikuwa haionekani sana. Rangi yangu ndiyo iliyoiamsha! Kila nilipopitisha brashi, yeye alizidi kupendeza. Mimi nilikuwa taa tu, namulika uzuri wa mwingine.



Nikachovya tena. Nikapaka juu ya ile ambayo sijafuta. Kisha mara ya tatu. Nilitaka iwe nyeusi. Nilitaka mtu akiingia maktaba aone rangi, asione mistari wala viungo. Dakika kumi zikapita, kitambaa kipo begani kwangu. Ishirini. Nikavua glavu, nikafunga mlango wa chumba cha rangi, nikaenda kuoga.

Baada ya kuoga nililala kidogo, vizuri kuliko siku zote tangu nirudi nyumbani. Hilo nalo niliandike.

Jumatano, 6 Machi

Inanata.

Fundi Kipimo (mzee wa mashine, futi yake haitoki shingoni hata akila) aliweka kidole, akakitazama, akakinusa. "Msomi, digrii imegoma kukauka?" Wenzake wakacheka hadi wakashika meza zao. Nikasema ni unyevu wa hewa. Akasema, "Ahaa. Hewa." Akaondoka anapiga mluzi.

Kesho itakuwa imekauka.

Alhamisi, 7 Machi

Haijakauka. Nzi watatu wamekufa juu yake, mmoja bado anatikisa bawa.

Binamu alileta feni yake, ile ya chumbani. Akaiweka kwenye kiti, akaielekeza mezani, kisha akaanza kuokota nzi kwa ncha ya patasi, mmojammoja, taratibu, kama daktari. "Pole, dada," alisema. Ananiambia mimi pole! Nilitamani angenitukana. Mtu akikutukana unajua pa kumshika.

Baada ya chakula cha mchana baba aliingia. Akaweka kiganja. Kilipobanduka kilitoa mlio, kama mtu anayefyonya. Alama ya vidole vyake vyote vitano ikabaki pale.

Nilingoja aniulize, "Ulifuta?" Nilikuwa tayari. Sijui tayari kwa jibu gani, lakini tayari.

Hakuniuliza. Nimezaliwa humu. Kuniuliza mimi kama nilifuta ni kama kumuuliza imamu kama alitawadha. Angeona haya.

Akamgeukia yeye. "Mbao zilikuwa mbichi?"

Binamu akasema hapana, mjomba, zilikaa darini miezi minane, alizipima mwenyewe. Baba akasema mbao mbichi ndizo zinazokataa rangi namna hii, maji ya ndani yanasukuma nje. Akasema polepole, bila hasira. Baba akiwa na hasira hupiga kelele. Akisema polepole ana huzuni, na huzuni yake ni mbaya zaidi.

Yeye akainamisha kichwa.

Sikudanganya. Sikusema neno lolote la uongo. Nilisimama tu.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimefanya ujinga wa kuandikwa.

Nilikuja asubuhi kabla ya watu na kopo la poda ya mama, ile ya kujipaka shingoni. Niliwahi kusikia poda hunyonya mnato. Nikainyunyiza meza nzima, nikasugua. Badala ya kukauka, ikawa na rangi ya mgonjwa: kijivu, madoa madoa, inanukia maua. Kipimo alipoingia alisimama mlangoni, akavua kofia. "Marehemu anazikwa saa ngapi?"

Nilicheka mwenyewe, sikuweza kujizuia. Binamu naye alicheka. Kwa dakika moja tulikuwa tunacheka pamoja, tumeshikana mabega, machozi yanatutoka. Nikakumbuka zamani akija likizo, tunalala mzungu wa nne, tunasukumana kwa nyayo.

Kisha baba akauliza kutoka nje mnacheka nini, na yeye ndiye aliyejibu, na baba akacheka kwa jibu lake. Basi. Ikanirudia yote.

Kemia ninaijua. Rangi hii ni ya mafuta. Mafuta hukauka kwa kuvuta hewa, na yakiwa mazito, tabaka la juu hufunga mlango na la chini linabaki bichi hata mwezi. Poda haina kazi hapo. Nilijua. Nilifanya tu ili nionekane ninahangaika.

Jumamosi, 9 Machi

Binamu amenikuta peke yangu stoo. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye kope. Akaniuliza kwa adabu kabisa, anatazama chini: "Dada, samahani. Siku ile, ulifuta?"

"Nilifuta."

Lilitoka haraka, kama chafya.

Akaitikia kwa kichwa. "Basi ni mbao zangu," akasema. Hakuna swali la pili. Hakunitazama usoni kutafuta chochote. Aliniamini palepale, na kuniamini kwake kulinichoma kuliko kama angenipiga kibao.

Kwa nini hatetei kazi yake? Alizipima mbao. Anajua alizipima. Ningekuwa mimi ningepasua paa. Lakini yeye anaona neno la msomi ni zito kuliko kipimo chake mwenyewe, na haya ndiyo mambo yanayomfanya apendwe, na mimi nachukia hata hili! Namwonea wivu hata kwa kudanganywa.

Jumapili, 10 Machi

Mama kaniambia wakati tunakunja nguo. Baba ameamua. Funguo ni zangu. Anasema fundi anayeunda meza ya watu kwa mbao mbichi bado anahitaji mkubwa wa kumsimamia. Labda arudi kwanza kwa shangazi, apumzike, atafutiwe karakana nyingine.

"Hongera, mwanangu," mama alisema. Kisha akanitazama. "Mbona unalikunja shuka moja mara tatu?"

Sikula.

Jumatatu, 11 Machi

Binamu amesema atapiga randa uso wote wa meza kesho asubuhi. Atatoa rangi, na kama mbao zimejikunja atazing'oa kabisa aweke nyingine. Zile mbili zilizofunguka kama kitabu! Gogo lile lilikuwa moja. Halitapatikana tena. Anasema afadhali mwalimu mkuu apate meza isiyopendeza kuliko inayonata, na anaomba siku mbili zaidi. Alisema huku ananoa chuma cha randa, hakulia. Baba akasema sawa.

Walipokwenda kula nikafanya jaribio. Dawa ninayo tangu Jumatano. Tapentaini kidogo kwenye kitambaa, unalainisha, unafuta, unageuza kitambaa, unafuta tena, mpaka kitambaa kinatoka karibu kisafi. Nilichukua mwisho mmoja wa meza, kipande cha upana wa mkono. Rangi ilitoka nzito, kama asali. Chini yake ikabaki rangi nzuri, ya kahawia, imeingia ndani kabisa, imetulia. Mistari yake yote ipo. Saa kumi na moja nikapitisha kidole. Kikavu!

Nikakaa sakafuni.

Mtu yeyote hapa anaweza kuhesabu. Kama mbao zingekuwa mbichi, kufuta kusingesaidia kitu. Kikikauka kipande kile, basi mbao zilikuwa kavu siku zote, na ubaya ulikuwa juu, na juu ni kwangu. Kuiponya meza ni kujishitaki. Kuiacha ni kukaa kimya mpaka kesho saa mbili, randa ipite.

Nikatupia gunia juu ya kipande kile.

Jumanne, 12 Machi

Naandika nimekaa stoo, juu ya debe. Mlango nimeurudisha.

Nilifika saa moja na nusu. Binamu alikuwa ameshafika. Randa tatu zimepangwa kwenye benchi kwa ukubwa. Amefunga kitambaa kichwani. Mfuko wake wa nguo uko pale mlangoni, umefungwa. Kumbe ameambiwa. Na bado amekuja kutengeneza meza!

Nikasema, "Ngoja kidogo." Nikaenda kuchukua tapentaini na matambara. Sikuwa nimeamua kusema ukweli, niwe mkweli angalau humu. Nilitaka tu asipitishe ile randa. Nilifikiri nitafuta yote haraka, kisha nitatafuta maneno.

Niliporudi, gunia liko chini. Ameinama juu ya kipande kikavu. Ameshika kitambaa changu cha jana, kile nilichokisahau chini ya meza, kimejaa rangi nzito kama asali. Alikinusa. Akakibonyeza kwa kidole gumba, akatazama rangi inavyopanda. Kisha akanitazama mimi.

Amejua. Hakuna haja ya kuzunguka. Mtu aliyekaa hapa miaka minne akiona kitambaa kile anajua kila kitu: mara ngapi nilipaka, na kwamba sikufuta hata mara moja.

Na hapo ndipo baba akaingia, anaongozwa na ukuta. "Mmeanza?" Akaja moja kwa moja mezani. Kiganja kikanata, kikabanduka, kikanata, kikabanduka. Kikafika kwenye kipande kile. Kikateleza.

Akarudi nyuma. Akapitisha tena.

"Nani kafanya hapa?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini yeye akawahi.

"Ni dada, mjomba. Amepata dawa."

Uso wa baba! Sijauona hivyo tangu siku ya mahafali. Akanyoosha mkono kunitafuta, akapata bega langu. "Msomi wangu," akasema. "Nilijua. Si nilisema? Dawa gani? Nielekeze, nifute na mimi."

Binamu hakunitazama tena. Alikuwa anakikunja kile kitambaa, uchafu ndani, usafi nje.

Nikasema matambara hayatoshi, ngoja nilete mengine. Ndiyo maana niko hapa. Matambara yako magotini kwangu, tele.

Angeweza kunimaliza kwa maneno mawili. Funguo zingekuwa zake, kitanda, karakana, baba. Badala yake kanipa. Kanipa kama unavyompa mtoto kitu ili anyamaze. Au kanipa kwa sababu ndivyo alivyo. Sijui lipi ni baya zaidi. Siku nzima jana nilikuwa napima kama nitakuwa mtu mwema au mbaya, na yeye kaja kakitwaa kiti cha wema bila hata kukaa.

Kwa nje nasikia baba anasema kitu, polepole. Anakirudia. "Kumbe mbao ni kavu."



"Mama, mbao hizi ni kavu."

Ni Binamu anayemwita hivyo. Sasa nasikia kitambaa. Si wa baba huo mkono, baba anakwenda kwa mduara. Huu unakwenda kwa urefu, kufuata nyuzi za mbao, mrefu, unageuka, mrefu. Ameanza kufuta bila mimi. Anafuta rangi yangu.

Nasimama sasa hivi. Natoka, nasema. Nitasema nikiwa bado natembea, nisije nikasimama. Na hata sasa, Mungu anisamehe, kinachoniuma si kwamba baba atajua. Kinachoniuma ni kwamba anafuta vizuri, na asipopunguza mwendo atamaliza kabla sijafika.