Bunduki Haijalia

Mpendwa Baba Neema,

Mwanao Neema sasa hivi ameziba masikio kwa vidole na kufumba macho, kama ulivyomfundisha. Amekaa hivyo mlangoni mpaka mikono imemchoka, kisha ananiuliza, "Mama, mbona haijalia?"

Bata maji wameruka kutoka shambani, wamepita juu ya paa letu, na mlio wa bunduki hatujausikia. Mdogo wako Jonasi yuko kule kwenye maficho yako ya matete, na gobore lako. Mvua za kwanza zimejaza majaruba, mpunga tumeumwaga juzi, na bata wanaula kama wamealikwa. Mbegu nyingine hatuna, ndiyo maana nikamwacha aende.

Nilimwambia, "Jonasi, likigoma usilichungulie. Sali Baba Yetu polepole, mpaka amina, ndipo ulishushe."

"Shemeji, naenda kuwinda au kanisani?"

Akacheka, akaenda zake.

Unakumbuka siku ile, nikiwa na mimba changa ya Neema? Tulijibanza mle, maji yametufika magotini. Bata walipotua ukafyatua, ikasikika ta, basi. Nikataka kuinuka, ukanishika bega. "Limelala hilo, halijafa. Sali." Mdomo wa gobore umeuelekeza majini, ruba ananinyonya mguu, wala simgusi. Sijafika hata kwenye mkate wetu, likalipuka lenyewe. Matope yakaturukia usoni. Ukajifuta matope, ukasema, "Ningelichungulia, mtoto angenijua kwa kusimuliwa."

Maneno hayo ninayo mpaka leo. Tangu uende Saza kuchimba dhahabu hatujapata salamu zako, na watu hapa wanasema umetusahau. Mimi nawajibu, kimya si kufa. Neema nimemwambia utarudi kula wali wa mpunga mpya, naye kila akiona mtu amebeba begi anakimbia barabarani.

Nimesali mpaka amina, nimeanza tena. Lori la mahindi linakuja huko mchana, litabeba barua hii, nimeona bora niandike, mikono ipate kazi. Mwandiko utausamehe.

Limelia. Limelia sasa hivi, Neema kaangusha kikombe cha uji. Baada ya hapo kimya, hata vyura wamenyamaza. Nasikiliza sauti ya mtu.

Anaita. Ni yeye. "Shemeji, bandika maji ya kunyonyolea! Liligoma, nimesali mpaka amina, nikaweka fataki nyingine ya kuwashia baruti!" Mtoto ameshakimbilia huko. Nami nalia huku nacheka kama mwehu.

Na wewe huko shimoni, nasikia mnapasua miamba kwa baruti. Ikigoma usirudi kuichungulia, hata wenzako wakucheke, sali kwanza mpaka mwisho, maana sisi huku

"Shemeji, maji!"

nakuja, Jonasi, namwandikia kaka yako kwamba